Waya wa Lori la Mwikali

Jumamosi, tarehe nane Novemba. Mawingu yamefunga tangu asubuhi lakini mvua haikushuka. Ni upepo tu, na vumbi la barabara ya Garissa limeingia mpaka kwa kikombe cha chai.

Vijana wa picha hapa Mwingi waliniomba niandike kazi yangu ilivyokuwa. Walikuja watatu nilipofunga studio mwezi wa nane, wakatazama vyombo vyangu vile watu hutazama maiti ya jamaa wa mbali. Mmoja akaniambia, "Mzee, sisi tunajua kubonyeza tu. Tuandikie vile mlikuwa mnafanya." Mimi niliishia darasa la saba, na mwalimu aliandika kwa ripoti kwamba mwandiko wangu unatembea kama kuku. Lakini tangu nioe, kila jioni nimekuwa nikiandika mistari michache kwa daftari: siku, hali ya hewa, kazi iliyokuja, na tulichokula. Kwa hivyo naandika hivyo hivyo. Nimechelewa karibu miezi mitatu kwa sababu nilijua nikianza nitafika kwa lori la Mwikali, na sikutaka kufika. Leo nimetoka Nuu. Sasa acha nifike.

Kazi nilifundishwa na Mzee Athumani, Mungu amrehemu. Baba yake alitoka pwani na biashara ya nguo akakwama Mwingi, na yeye akazaliwa hapa, akafungua studio karibu na msikiti. Siku ya kwanza hakuniruhusu kugusa kamera. Nilianza kwa kuosha masinia ya dawa za picha. Maji ya Mwingi wakati ule yalikuwa na chumvi, na filamu ikikauka inabaki na madoa meupe kama ukurutu. Alinifundisha kuyachemsha, kuyachuja kwa kitambaa cha kaniki, na kutia tone moja la sabuni kwa suuza ya mwisho. Tone moja, si mawili. Wiki ya pili nilifungua boksi la karatasi za picha mlango ukiwa wazi, zote zikaungua kwa mwanga. Nilingoja anifukuze. Alizitazama zikigeuka kijivu akasema, "Leo umepiga picha ya jua, Muthui. Limetoka vizuri." Akarudi kwa gazeti lake.

Jambo moja alilishika kama ibada. Nyuma ya mlango kulikuwa na kikapu cha waliosahau. Watu wakija kupigwa picha huacha vitu: kofia, fimbo, kiatu kimoja cha mtoto, kitu cha kuchezea. Kila Ijumaa akitoka kuswali alikichukua kile kikapu, akazunguka soko lote akirudishia watu. Mimi niliona ni kupoteza wakati, maana kuna fimbo zilizozunguka soko mara nne. Akaniambia, "Kitu cha mteja kikilala hapa wiki mbili, kitaanza kufanana na chako." Nilicheka. Nilidhani ni maneno ya wazee.

Baada ya miaka mitano nilifungua studio yangu nyumbani, chumba cha mbele, na chumba cha giza kikawa pale tulipokuwa tunaweka mahindi. Pazia lilichorwa ghorofa na ndege. Mwanga ulitoka kwa dirisha la upande wa barabara, na upande wa pili niliweka kadibodi niliyobandika karatasi za fedha za pakiti za sigara, kurudisha mwanga usoni. Kadibodi hiyo bado iko, na inafanya kazi kuliko vitu vingi ninavyoona vijana wakibeba. Kikapu cha waliosahau sikuweka.

Badala yake niliweka mwanasesere wa plastiki mwenye nywele za manjano, na motokaa nyekundu. Nilivinunua Nairobi. Watoto wa huku walikuwa wanajitengenezea vyao: mpira wa makaratasi ya nailoni, mtoto wa gunzi la mahindi, malori ya waya. Mzazi akiingia na mtoto ameshika gunzi, mimi nalichukua polepole, naliweka nyuma ya pazia, nampa mtoto mwanasesere. Naweza kusema wazazi ndio walitaka, na ni kweli walitaka. Lakini walianza kutaka baada ya kumwona yule mwanasesere kwa dirisha langu. Athumani hakuwa naye. Hilo ni langu.

Sasa kitu cha kazi, mnisikie vizuri. Filamu ikitoka kwa maji hutundikwa ikauke. Mimi nilikuwa natundika kwa kamba ya katani, na katani huacha nyuzi. Uzi ukishika filamu mbichi, kwa picha unatokea mweupe. Mwalimu mmoja wa miaka thelathini alitoka na mvi mbili akakataa picha. Bibi harusi mmoja alionekana na ndevu. Nilihitaji kulabu za waya. Duka la hardware lilikuwa hatua hamsini kutoka kwangu. Naandika hatua hizo ili mtu asije akanitafutia sababu.

Wiki hiyo aliingia Mama Mwikali. Walikuwa wamepanga nyuma ya soko la mbuzi, mume wake akifanya kazi Mombasa. Mkono mmoja alimshika binti yake wa miaka tisa hivi. Binti kwa mkono wake mwingine alikuwa anavuta lori.

Nimeona malori mengi ya waya. Hilo lilikuwa lori. Lilikuwa na bodi ndefu yenye vyuma vya kuzuia mbuzi wasiruke, kama yale yanayopita kwenda Garissa, magurudumu sita yaliyokatwa kwa patipati, zile ndala za mpira, za bluu, bampa iliyokunjwa mara tatu, na usukani wa fimbo ndefu uliokuwa ukigeuza magurudumu ya mbele kwa kweli.

"Mpige nimtumie baba yake," Mama Mwikali akasema.

"Na hiyo lori?"

"Iweke mbali. Msichana na lori. Baba yake ataona namlelea dereva."

"Nimeitengeneza mimi," Mwikali akasema.

"Ndiyo maana," mama yake akamjibu.

Nikaliweka nyuma ya pazia. Nikampa mwanasesere. Alimshika mguu, kichwa kikining'inia.

"Mshike kama mtoto," nikamwambia.

"Si mtoto."

"Jifanye."

Akajifanya. Nikabonyeza.

Walipotoka nilimsikia akiita lori lake akivutwa mlangoni, na mama yake akimwambia wanachelewa kwa posho, kusaga mahindi. Mimi nilikuwa chumba cha giza na mikono mibichi. Ningeweza kutoka. Wakati mwingine nimejiambia sikusikia vizuri, lakini nilisikia, maana nakumbuka sauti.

Jioni ile ile nilichukua koleo. Nataka muelewe kwamba lori halikulala hata usiku mmoja, sembuse wiki mbili za Athumani. Nililifungua, na nilishangaa jinsi mtoto alivyokaza viungo. Nilipata kulabu kumi na nne. Magurudumu nilitia kwa mkebe wa kakao. Kwa nini niliyaweka sijui. Mtu anayetupa kitu kabisa labda ana dhamiri safi kuliko mimi.

Kesho yake baada ya shule akaja. "Hodi. Nimekuja lori yangu."

"Lori gani? Hapa hakuna lori. Angalia njiani."

Siku ya pili akaja tena, nikamwambia hivyo hivyo. Siku ya tatu pazia la chumba cha giza lilikuwa wazi, nimeacha hewa iingie, na filamu nne zilikuwa zimening'inia. Alisimama akitazama juu. Hakulia. Akanyoosha kidole kama mtu anayesoma ubaoni.

"Ile ni bampa," akasema. "Na ile ni mlango."

"Hizo ni kulabu za filamu. Nenda nyumbani."

Akaenda.

Jumamosi asubuhi Mama Mwikali alikuja naye, na kiondo cha ndengu. Nilimpa kiti akakataa.

"Baba Mutheu," akaniita kwa jina la binti yangu, "huyu mtoto amenitia aibu. Anazunguka kwa majirani akisema umeiba lori yake ukafanya kulabu. Mtu mzima, na studio yake, aibe waya ya mtoto?" Akamsukuma mbele. "Sema."

Mwikali alitazama sakafu. Mama yake akamfinya sikio. "Sema vile tumesema."

"Nisamehe mzee. Nilisema uongo."

Pazia la chumba cha giza lilikuwa limefungwa. Nilikuwa nimelifunga nilipowaona wakivuka barabara. Nilikuwa na nafasi hapo, nafasi kubwa ya kupitisha ng'ombe, na nikasema, "Haidhuru, ni mtoto."

Nilikubali msamaha. Nimeandika neno hilo mara tatu leo na kulifuta mara mbili. Wizi wa waya ni jambo dogo, hata chifu angelimaliza kwa kikombe cha chai. Lakini mtoto alisimama mbele yangu akatubu dhambi yangu, na mimi nikampokelea kama mchungaji.

Mke wangu, ambaye hakujua lolote, alimwaga ndengu kwa ungo akaninong'oneza, "Kiondo cha watu hakirudi kitupu. Weka kitu." Nikaweka picha ya Mwikali na mwanasesere, ile kubwa, bila malipo. Mama yake alifurahi sana. Alinishukuru mara mbili.

Leo asubuhi nililitafuta daftari la siku hiyo. Limeandikwa hivi: "Jumamosi. Jua kali. Picha sita za kitambulisho, familia moja. Mama Mwikali ameleta ndengu kilo mbili. Jioni: ndengu na chapati." Hakuna lori.

Kulabu zile zilifanya kazi mpaka mwezi wa nane mwaka huu. Sitadanganya juu ya hilo pia: zilikuwa kulabu nzuri, hazikushika kutu, na ndevu za mabibi harusi ziliisha. Vijana, kama wazazi wenu walifunga ndoa Mwingi, walikaukia kwa bampa ya Mwikali. Athumani alinitembelea mara moja akiwa mzee, akaangalia nyuma ya mlango akauliza, "Kikapu chako kiko wapi?" Nikasema watu wangu hawasahau vitu. Alinitazama kidogo, akaomba maji. Hakuuliza tena, na akafa kabla sijamwambia.

Nilipofunga studio nilipata filamu tano nyeusi na nyeupe chini ya sanduku, zimepitwa na wakati miaka mingi. Vijana wakasema nipige kitu cha zamani. Nikasema nitapiga vitu vya kuchezea, vile nilivyokuwa nikificha. Wakatangaza kwa simu zao, na watu wazima wakaanza kuja sebuleni kwangu na vifurushi. Mtu mmoja wa duka la dawa alileta mpira wa nailoni alioufunga akiwa mdogo. Mama mmoja wa kanisani alileta gunzi lenye kanga ya kipande cha leso, akanionya nisilishike kichwa. Nilitandika kitambaa cheusi mezani, kadibodi yangu ya fedha kushoto, dirisha kulia. Filamu iliyozeeka inataka mwanga mara mbili, kwa hivyo nilifungua lenzi muda mrefu na kuwakataza watu kutembea, sakafu isitikisike. Nilijiambia ni sanaa. Labda nilikuwa ninamngojea mtu mmoja.

Alikuja Jumanne wiki hii kutoka Salama. Nilimjua kabla hajasema jina. Mwikali sasa ni fundi wa kuchomelea, ana karakana kando ya barabara kuu, anatengeneza bodi za malori. Mikono yake ina alama ndogo ndogo za cheche.

"Umeleta nini tupige?" nikamuuliza. Hata hapo nilijaribu.

"Sijaleta kitu, mzee. Nimekuja kuchukua."

Mke wangu alikuwa anamimina chai. Niliingia ndani nikatoka na kulabu. Zimebaki kumi na moja. Nikaziweka kwa kile kitambaa cheusi, na mkebe wa kakao kando.

"Nililivunja siku ile ile," nikasema.

"Najua. Siku ya tatu niliona." Akachukua moja, akaigeuza. "Hii ndiyo bampa."

Akatoa koleo kwa mfuko wa suruali. Mke wangu alikaa chini na birika mkononi. Waya uliokunjwa kwa miaka hiyo yote haunyooki vizuri, unabaki na vilima, lakini vidole vyake vilijua njia. Lori lilisimama. Halikuwa na paa la kabini.

"Nikutafutie waya?" nikauliza.

"Hapana. Piga hivyo."

Nilipiga nne. Kamera niliiweka kwa stendi ya miguu mitatu. Moja ilitoka vizuri: vilima vyote vya waya vinaonekana, na magurudumu ya bluu yamekuwa kijivu kama ya lori la kweli lililotoka mbali.

Nikadhani ameridhika. Akasema, "Lori si shida, mzee. Mimi natengeneza lori kila wiki. Shida ni mama."

"Mama yako yuko?"

"Yuko Nuu na kaka yangu. Tangu siku ile mimi ni mwongo wa boma. Nikisema nimekohoa, anamuuliza kaka kama nimekohoa. Juzi nilimwambia mbuzi amezaa, akatuma mtu aende aone. Ananipenda, lakini haniamini. Amezeeka. Nataka aniamini kabla hajaenda."

"Nimwandikie barua?"

"Macho yake hayasomi. Na msamaha ulipokea ukiwa umesimama mbele yake."

Usiku huo mke wangu alisema jambo moja tu, "Zile ndengu nilizipika mimi." Nikasema ndiyo. Akasema, "Hukuniambia." Nikasema ndiyo. Leo asubuhi alipima ndengu kilo mbili kwa kiondo chake mwenyewe, akanikabidhi, akasema yeye haendi.

Tulifika Nuu kabla ya saa sita, mimi na Mwikali. Mama Mwikali alikuwa ameketi mlangoni, na uani alikuwa ameanika mbegu za kupanda kwa gunia. Kaka yake Mwikali alileta kiti. Nikaomba nisikae kwanza, nikasema nimekuja na neno, na nikikaa litanishinda. Ukutani juu ya redio niliona ile picha: mtoto, na mwanasesere wa nywele za manjano.

Nilisema yote. Nilisema lori lilikuwa kwangu, nililivunja, nikasema sijaliona, nikafunga pazia nilipowaona barabarani. Nilisema, "Mama Mwikali, mtoto wako hakusema uongo hata siku moja. Mwongo nilikuwa mimi, na nilikaa kimya."

Upepo ulikuwa unagonga bati.

"Zile ndengu," akasema, "mlikula?"

"Tulikula."

"Zilikuwa tamu?"

"Zilikuwa tamu."

"Zilikuwa za mwisho kwa gunia. Mwaka ule hatukuvuna." Alisema bila hasira, kama anayenikumbusha jina la mtu.

Nikampa picha ya lori. Aliisogeza karibu na jicho, halafu akamwita Mwikali, si mimi. "Hii ya mbele ni nini?"

"Bampa, mwaitu," akamjibu mama yake.

"Na paa?"

"Limepotea."

"Mm." Akaiweka kwa magoti. Aliitazama tena, kisha akamtazama binti yake, na nikaangalia kando, maana hayo hayakuwa yangu. Wingu lilikuwa limeshuka chini sana. Kaka yake Mwikali alianza kuinuka aende kuangalia kama mvua itaharibu mbegu, naona ndiyo desturi yao, yeye ndiye anayeaminiwa. Mama yake akamzuia kwa mkono.

"Mwikali, mvua itanyesha?"

"Hainyeshi, mwaitu."

"Basi ziache nje."

Yule kaka akakaa.

Hakusema amenisamehe. Naandika hivyo wazi, kwa sababu vijana wakinisoma wanaweza kudhani alisema. Alinipa chai, nikanywa. Nilipoaga alimwambia Mwikali amwage ndengu kwa sufuria, halafu akainuka mwenyewe, akashika ukuta, akaitoa ile picha ya mwanasesere kwa msumari. Akaitia kwa kiondo changu pamoja na fremu yake.

"Kiondo cha watu hakirudi kitupu," akasema.

Nimebeba hiyo fremu kutoka Nuu mpaka hapa kwa magoti yangu. Mke wangu ametazama ndani ya kiondo, akaitoa, akaifuta vumbi, akaiegemeza mezani pale tulipokuwa tukipiga vile vitu. Mtoto anaonekana vizuri. Kazi ya kamera ni safi kabisa, hakuna uzi hata mmoja. Ilikuwa ya mwisho kukaukia kwa katani, sijui ilinusurika vipi.

Vijana, nunueni kikapu. Hayo mengine mtajifunza wenyewe. Na haya ndiyo niliyoandika kwa daftari kabla ya kufunga:

Jumamosi. Mawingu, bila mvua. Nimemwambia Mama Mwikali kuhusu lori. Jioni: muthokoi wa mahindi na maharagwe, tumekula kimya.